Viatu Vilivyoelekea Ndani

Jumanne ya pili ya mwezi wa Aprili, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Hisae Shimozono alifika kwenye Nyumba ya Viwavi ya chuo kikuu, akachukua ufagio uliosimamishwa nyuma ya mlango, akaanza kufagia jivu. Mlima wa volkano ulikuwa umecheua usiku kucha kama ilivyo kawaida yake, na jivu lilikuwa limelala ngazini, jeusi, laini, la kukwaruza meno ukisahau kufunga mdomo. Alipomaliza ngazi akaingia ukumbini, pale pa kuvulia viatu, akakuta jozi nne za viatu asizozijua.

Kulikuwa na raba za kijani zilizoliwa upande mmoja. Kulikuwa na buti zenye theluji kwenye soli, na theluji yenyewe haikuwa na haraka ya kuyeyuka. Kulikuwa na akala za tairi zenye udongo mwekundu, na viatu vyeusi vya ngozi vya mtindo wa kale, vimepigwa rangi mpaka unajiona. Jozi zote nne zilielekea ndani, kama vinavyoachwa viatu na mtu aliyeingia akiwa na shauku.

Hisae akachungulia chumba cha kulelea, chumba cha friji, na chooni. Hapakuwa na mtu. Akasema, "Karibuni," akachemsha chai, akamimina vikombe vinne, akaviweka mezani, akaendelea kuosha trei zake. Ilipofika saa nne chai ilikuwa imepungua hadi nusu. Basi akafanya linalofanywa na kila mwenyeji mwenye adabu: akapiga magoti ukumbini, akageuza viatu vyote vikaelekea mlangoni, ili wageni wakitaka kwenda watumbukize miguu tu. Baada ya chakula cha mchana viatu havikuwapo.

Siku ileile ilikuja barua ya Ofisi ya Tathmini. Ilisema kwamba kila kitengo cha chuo kingepimwa mwaka huo: makala za watu wake zimerejelewa mara ngapi na watafiti wengine duniani, na wameshirikiana na nani kuziandika. Kitengo kitakachokuwa chini ya kiwango kitafungwa tarehe thelathini na moja Machi. Hisae akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni.

Yeye hakuwahi kuandika makala hata moja. Alikuwa na miaka sitini na minne, fundi wa maabara, na mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja, nao ulikuwa umefanywa upya mara thelathini na sita. Kazi yake ilikuwa koo mia nne na kumi na mbili za viwavi wa hariri. Kulikuwa na ukoo wenye madoa, ukoo wa ngozi ya kioo unaoonyesha utumbo, ukoo unaotetemeka, ukoo unaozaa majike matupu. Kila mwaka aliwaangua, akawalisha majani ya mforosadi mara nne kwa siku, akawasubiri wasokote vifuko, akawaozesha nondo kwa nondo, na mayai yao, madogo kama ufuta, akayakusanya juu ya kadi na kuyalaza kwenye friji hadi msimu mwingine. Mtafiti wa mahali popote akiandika kuomba, Hisae alikata kipande cha kadi, akakitia kwenye bahasha pamoja na kikaratasi: Tafadhali wapokee vizuri. Hawapendi majani yenye umande.

Watafiti wakawapokea, wakagundua mambo, wakaandika. Aliyekumbuka aliongeza mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, baada ya kuwashukuru wafadhili, kwamba anamshukuru pia Bi H. Shimozono kwa mayai. Asiyekumbuka hakuongeza.

Hofu ya Hisae haikuwa ya mkate wake. Kiwavi wa hariri amefugwa miaka elfu nyingi hata amesahau kujitafutia. Mweke shubiri moja kutoka kwenye jani, atainua kichwa, atakitikisa huku na huku kama anayeuliza njia, na atakufa njaa palepale. Nondo wake ana mabawa na hawezi kuruka. Friji ikizimwa Machi, koo mia nne na kumi na mbili zitaisha duniani, na hazirudi. Hilo lilimkaa Hisae kifuani usiku na mchana.

Kesho yake zilikuja jozi sita. Keshokutwa yake tisa.

"Hisae, mwenzangu, una wageni au umefungua duka la mitumba?" aliuliza Tazuko, mfanyausafi wa jengo, mwanamke mwenye mgongo mbovu na ulimi mzima.

"Wageni. Wamekuja kusalimia."

"Wamekuja na nini?"

"Na miguu yao. Inatosha."

"Na hawaonekani! Wageni wa aina hiyo ndio ninaowataka mimi. Shemeji zangu wanaonekana mno."

Alhamisi akaja Bwana Maesako wa Ofisi ya Tathmini, mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye kusumbuliwa na tumbo, ambaye aliomba samahani kwa kuingia, akaomba samahani kwa kuketi, na akaomba samahani kwa kompyuta yake kuwa kubwa. Kazi yake ilikuwa kuchora mtandao wa ushirikiano wa chuo kizima. Kila mtafiti alikuwa nukta, na kila makala iliyoandikwa na wawili ilikuwa mstari. Alikunjua ramani juu ya meza ya kukatia majani, nayo ikaning'inia pande zote mbili.

Katikati ya ramani palikuwa na tundu jeupe, ukubwa wa sahani. Mistari yote mikubwa ilikuja mpaka ukingoni mwake, ikapinda, ikalizunguka, ikaendelea na safari.

"Nilidhani ni printa," alisema Maesako. "Fundi amekuja mara mbili. Printa ni nzima. Basi nikafuata mistari kwa miguu, na imenileta hapa."

"Pole kwa mwendo," alisema Hisae, akamwekea chai.

Maesako akatazama ukumbini, kwenye buti nyingine za theluji. "Hizi zimefika saa ngapi?"

"Saa tatu kasoro dakika tano."

Akabonyeza kompyuta. "Saa tatu kasoro dakika tano imetoka makala huko Ufini. Wametumia ukoo wako wa kumi na nane."

"Wenye madoa! Hawajambo?"

"Makala haisemi."

"Kama wamefika kwenye makala, basi walikula," alisema Hisae, na uso wake ukachanua.

Wakakaa asubuhi nzima. Yeye alisoma daftari lake la maombi ya mayai, Maesako akasoma tarehe za makala, na kila jozi ikapata mwenyewe. Makala ilipotoka ikiwa imesimama juu ya kazi ya Hisae, viatu vya mwandishi vilikuja, awe ameandika shukrani au ameacha. Na zilianza kuja pia jozi za makala za zamani, za miaka yote thelathini na sita, chache chache kila siku, kama watu waliokuwa foleni nje wakingoja mlango ufunguliwe. Hisae akauliza habari za vile vyeusi vya ngozi vya Jumanne.

"Huyo ni marehemu," alisema Maesako. "Ana miaka kumi na tisa kaburini. Wanafunzi wake wamechapisha daftari lake wiki hii."

"Ndiyo maana hakumaliza chai yake," alisema Hisae.

Maesako akafunga kompyuta. Alikuwa na jambo, na alilizunguka kwa samahani tatu kabla ya kulitua. "Bi Shimozono, jopo linakutana Machi. Nikiwapelekea daftari, watasema ni daftari. Nikiwaonyesha viatu, watakuwa wameona viatu. Naomba usivigeuze. Ukivigeuza vinaondoka, na kilichoondoka sina namna ya kukihesabu."

Hisae akavitazama viatu ukumbini. Kumwachia mgeni viatu vimeelekea ndani ni kumwambia hana ruhusa ya kwenda. Mama yake angemfinya kwa hilo.

"Mpaka Machi?"

"Mpaka Machi."

Akafikiria friji. Akafikiria vichwa vidogo vinavyotikisika huku na huku. "Haya," akasema, na siku ile kwa mara ya kwanza maishani mwake akaacha viatu vya watu kama vilivyo.

Viatu vikajaa. Kufikia Juni ukumbi haukutosha, vikashuka ngazi. Kufikia Septemba vilikuwa vimepanga mistari hadi chini ya mteremko, karibu na maegesho ya baiskeli, na Hisae alivipangusa jivu kila asubuhi, kimoja kimoja, kwa kitambaa chenye unyevu. Idara ya Usalama ilibandika tangazo kwamba viatu visivyochukuliwa ndani ya siku saba vitapelekwa kwenye vitu vilivyopotea. Mfanyakazi wa idara alipokuja na toroli Tazuko alimtazama tu, akarudi na toroli tupu.

Ndani ya nyumba hewa ikawa nzito, ya watu wengi wenye heshima waliosimama bila kugusana. Viwavi wa msimu wa Septemba wakakosa hamu ya kula, maana hata wewe usingeweza kumeza tonge huku watu elfu mbili wanakutazama kwa shukrani. Hisae akawawekea pazia.

Wakati huo Maesako alikuwa akipima vitengo vingine, kwa haki, kwa kipimo kilekile. Alifika mpaka kwa Profesa Ijuin, mkuu wa idara, mwenye marejeleo elfu nne mia tatu na kumi na mawili, nambari ambayo chuo kiliiandika kwenye kalenda zake za ukutani. Mlangoni mwa profesa alikuta jozi saba. Zilikuwa jozi saba zilezile kila siku, soli zimetoboka, visigino vimelala, kwa kuja na kurudi.

"Marafiki wa kweli huja tena na tena," alisema Profesa Ijuin, ambaye hakuwa mtu mbaya hata kidogo.

"Na wewe, Profesa, huwarejelea wao?"

"Kila mara! Mtu akikuletea zawadi usipomrudishia, utamtazamaje usoni? Sisi ndivyo tulivyolelewa."

Maesako akaandika: saba. Jioni, kompyuta ya ofisi ilikuwa imeandika elfu nne mia tatu na kumi na mbili, na ndiyo iliyoingia kwenye fomu.

Mwezi wa Desemba zikaanza kuja barua. Ya kwanza ilitoka kwa profesa mmoja wa Bursa, kwa mwandiko mzuri. Natembea peku tangu Agosti, aliandika. Asubuhi navaa viatu, nikifika kazini sina. Madaktari hawaoni tatizo. Silalamiki, nauliza tu kama nimesahau kitu chochote kwako, maana usiku naota harufu ya majani mabichi. Ya pili ilitoka Nairobi, ya tatu Mysore. Ya nne ilikuwa ya mama aliyeandika ile makala ya Ufini, ambaye kwake kulikuwa na baridi ya kugandisha maji bombani, na yeye alieleza kwa ufupi tu kwamba anamshukuru kwa ukoo wa kumi na nane, na kwamba vidole viwili havimtii tena.

Hisae akalia. Alilia kwa sauti, ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, aproni usoni.

"Nimewafunga watu, Tazuko. Watu waliokuja kuniambia asante, nimewafunga kama mbuzi."

"Wafungue."

"Na viwavi?"

Tazuko akageuza ndoo ya pili, akaketi kando yake.

Kesho yake Hisae alimwomba Maesako amruhusu kuvigeuza, naye akasema, kwa samahani nyingi kuliko siku zote, kwamba imebaki miezi mitatu tu. Basi akanunua soksi za sufu. Alinunua soksi zote za sufu mjini, na mji wenyewe ni wa joto, soksi hazikuwa nyingi, kwa hiyo zilizobaki alizifuma mwenyewe. Akazituma Ufini, Bursa, Mysore, Nairobi, na kwingine mia mbili na kumi, kila kifurushi na kikaratasi: Nisamehe. Umekuja kwangu kwa hisani nami sijakupa njia. Tafadhali vumilia mpaka Machi.

Jopo likakutana tarehe kumi Machi, watu watano, chini ya makamu mkuu wa chuo, mama mmoja mwenye sauti tulivu. Ramani ya Maesako ilikuwa imetundikwa ukutani. Tundu jeupe liliwachosha macho, kwa hiyo mtu wa utawala alikuwa ametundika saa pale katikati, na saa ilipendeza. Hisae aliitwa kwa ajili ya maswali, akapewa kiti karibu na mlango.

Maesako akaeleza: jozi elfu tatu mia tisa na sita, kutoka nchi arobaini na moja. Wajumbe walikuwa wameziona, maana walipita katikati yake asubuhi kufika mkutanoni, na mmoja alikuwa bado anajipangusa magoti baada ya kujikwaa.

"Hakuna anayebisha viatu," alisema makamu mkuu. "Viatu vipo. Tatizo ni fomu. Fomu ina safu ya mwandishi na safu ya mwandishi mwenza. Shukrani haina safu."

"Tunaweza kuongeza safu," alisema Maesako. Sauti ilimtoka juu kuliko alivyokusudia.

"Fomu hatukuitunga sisi, Bwana Maesako."

Profesa Ijuin, mmoja wa wajumbe, akainua mkono. "Ningependa kusema neno kuhusu Bi Shimozono, kwa sababu ninamheshimu sana. Miaka yote hii amekuwa kama mikono yangu. Sasa mikono ya mtu, ukishamhesabu mwenyewe, haihesabiwi mara ya pili."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuguswa. Nyumba ya Viwavi ikaandikiwa sifuri. Ilichukua muda mfupi, kwa sababu sifuri ni rahisi kuandika.

"Nashukuru," alisema Hisae, akainama. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ilimbidi alisukume neno hilo litoke, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki.

"Ahsante ya punda," alisema Tazuko alipoambiwa. Hakumalizia, kwa vile kila mtu anajua punda hufanya nini.

Tarehe thelathini na moja asubuhi ilifanywa ibada ya viwavi, mbele ya jiwe lililo nyuma ya nyumba. Ibada hiyo hufanywa kila mwaka, kuwashukuru viumbe waliotoa roho zao kwa ajili ya elimu, na safari hii ilisogezwa ili iwe pia ya kuaga. Mtawa wa Kibudha akasoma, ubani ukawashwa, jivu la ubani likachanganyika na jivu la mlima. Makamu mkuu akahutubia. Akawashukuru viwavi, kwa jumla na kwa koo zao. Akaushukuru mforosadi. Akaishukuru friji, ambayo haikuharibika hata siku moja katika miaka ishirini na mbili. Akamshukuru Profesa Ijuin, na marafiki zake saba. Hisae alisimama nyuma, karibu na bomba la maji, akiwa ameshika sinia la maua aliyoyachuma mwenyewe, na kila jina lilipotajwa aliinama, kwa sababu wote hao na yeye alikuwa na la kuwashukuru.

Watu walipotawanyika, saa nne na nusu, alivua aproni, akafunga kitambaa kichwani, akapiga magoti ukumbini.

"Samahani kwa kuwachelewesha," alisema, akageuza jozi ya kwanza.

Maesako alikuja bila kuitwa, akavua koti. Tazuko akaja na mgongo wake mbovu na kigoda. Wakageuza viatu, mmoja ukumbini, mmoja ngazini, mmoja mteremkoni, na kwa kila jozi wakasema asante, kwa kuwa ndivyo inavyopasa. Safari hii viatu havikungoja mchana. Kila jozi iliyoelekezwa mlangoni iliondoka kabla hujafika kwenye ya pili yake, na njia nzima ikawa inasikika miguu ikishuka, kwa utulivu, bila kusukumana.

Saa sita Hisae aliingia chumba cha friji kuziaga koo zake. Akafungua mlango. Rafu ya juu ilikuwa tupu.

Alitazama kidogo. Ukoo wa kumi na nane haukuwapo, na buti za theluji zilikuwa zimeshaondoka. Ukoo wa ngozi ya kioo haukuwapo, na viatu vya profesa wa Bursa navyo. Alipokuwa akitazama, kadi ya wale wanaotetemeka ilipungua kona, kisha ikapungua nyingine, na huko nje Tazuko alikuwa akisema asante, asante, baba, haya nenda salama.

"Bwana Maesako!" aliita Hisae kutoka dirishani. "Wanawachukua!"

"Wageni?"

"Wanaondoka nao! Kila mmoja na aliyemjia!"

Maesako akafikiri, kiatu mkononi. "Mgeni haondoki mikono mitupu," akasema, na hilo lilikuwa kweli, na wote watatu wakaona ni aibu kwamba mwenyeji hakulifikiria mwenyewe mapema. Hisae akakimbia kukata vikaratasi, akaandika haraka haraka, Hawapendi majani yenye umande, Hawapendi majani yenye umande, akaviweka juu ya rafu, navyo vikawa vinaondoka pamoja na kadi. Alikuwa akicheka na kulia, kitambaa kimemwangukia jichoni. Maisha yake yote hakupata kushukuru kama siku hiyo.

Saa kumi na nusu mteremko ulikuwa mtupu hadi maegesho ya baiskeli. Koo zilikuwa zimekwenda Ufini na Bursa, Mysore na Nairobi na kwingineko, kwenye friji nyingine, kwa mikono mingine. Huko zitaitwa kwa namba za huko, na herufi ndogo za mwisho wa makala zitawashukuru watu wa huko. Hisae alilijua hilo wazi, na lilimuuma kidogo, mahali padogo ambapo hakupata kumwonyesha mtu. Halafu akawaza kwamba watakula.

Akafungua friji mara ya mwisho ili aipanguse. Rafu ya chini, nyuma kabisa, ilikuwa imebaki kadi moja.

Ilikuwa namba mia tatu na tano. Viwavi wake hawasokoti hariri. Ikifika siku yao ya kusokota huinua vichwa, huchora umbo la nane hewani kama wenzao, na hakitoki kitu, kisha wanalala hivyo hivyo uchi na kugeuka nondo. Hisae alikuwa amewalea miaka yote kwa sababu walikuwepo. Hakuna barua hata moja iliyowahi kuwaomba, na katika jozi elfu tatu mia tisa na sita hakuna hata moja iliyokuja kwa ajili yao. Saa kumi na moja kamili fundi wa umeme alizima friji, akaomba samahani, akaondoka. Hisae akaitia kadi mkobani, kati ya kibweta cha chakula na mwavuli.

Langoni mlinzi alimsimamisha. Kulikuwa na agizo: mali ya kitengo kilichofungwa haitoki bila kibali.

"Umebeba nini, mama?"

"Mayai."

"Namba?"

"Mia tatu na tano."

Mlinzi akafungua orodha ya mali, ambayo Ofisi ya Tathmini ilikuwa imeijaza kitu kwa kitu, pamoja na mchango wa kila kimoja kwa dunia. Akapitisha kidole. Kitu kilichotumiwa na wengine hata mara moja tu kilihitaji mihuri ya ofisi tatu, na ofisi zilikuwa zimefungwa. Hisae alisimama, mkono juu ya mkoba.

"Mia tatu na tano," alisema mlinzi. "Kimetumika mara sifuri. Ushirikiano, hakuna. Mchango, hakuna." Akafunga orodha. "Kisicho na thamani hakihitaji kibali. Pita, mama."

Hisae akainama mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Aliinama mara ya pili, na ya tatu. Mlinzi, aliyekuwa amesoma tu kilichoandikwa, akaona haya, naye akainama.

Mei viwavi walianguliwa jikoni kwake, mia mbili na kumi na wawili, weusi, wembamba kama nyuzi. Majani aliyapata kwenye mforosadi uliojiotea nyuma ya stesheni, Maesako akimshikia tawi. Wiki hiyohiyo ilimfikia kwa posta Ripoti ya Mchango wa Chuo, aliyotumiwa kila aliyewahi kufanya kazi pale. Chuo kilikuwa kimepanda nafasi sita. Ukurasa wa arobaini na nne ulisema kwamba Nyumba ya Viwavi, katika muda wote wa kuwapo kwake, haikuwa na mchango unaopimika, na kwamba kufungwa kwake hakukuathiri mtandao.

Hisae akaisoma akiwa amesimama karibu na dirisha, akaipapasa karatasi kwa kidole. Ilikuwa karatasi nzuri, nzito, ya kunyonya unyevu. Akamshukuru aliyeituma, akachana kurasa moja moja, akazitandika chini ya viwavi.